Gunpei Yokoi: Fundi Aliyetengeneza Vipya kwa Vya Zamani

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo ilinijia majuzi barazani, baada ya sala ya alasiri, tulipokuwa tukinywa kahawa chungu. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 15, alikuja akaketi karibu nami, akanyamaza kwa adabu mpaka wazee walipomaliza mazungumzo yao. Kisha akanieleza haja yake. Alitaka nimsaidie kununua mashine mpya ya michezo, zile zinazounganishwa na televisheni. Anayo moja tayari, tena nzima. Lakini ati hiyo imepitwa na wakati. Mpya imetoka, ina nguvu maradufu, na picha zake si za kulinganishwa.

Nilipoambiwa bei, nilikiweka kikombe chini.

Mwenzetu mmoja, ambaye alifanya kazi ya injini melini miaka mingi, alimtetea kijana. Alisema kwamba dunia nzima huendelea kwa mitambo mipya, na kwamba aliyeng'ang'ania tanga hakumfikia mwenye stima. Mimi sikumkubalia moja kwa moja. Nimekuwa fundi wa redio na saa kwa zaidi ya miaka 40, na nimefungua vitu vingi vilivyoitwa vipya nikakuta ndani yake mambo ninayoyajua tangu zamani. Basi likazuka swali: je, mchezo hauwezi kusonga mbele mpaka mashine ibuniwe upya tangu ndani?

Nimeona, wasomaji wapenzi, kwamba jibu jema la swali hilo limo katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Mjapani, fundi kama mimi, na amekwisha fariki dunia tangu mwaka 1997. Jina lake Gunpei Yokoi.

KIWANDA CHA KARATA

Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu. Alisoma mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, papo hapo Kyoto. Hakuwa mwanafunzi wa kutajika, na alipomaliza masomo hakupata nafasi katika makampuni makubwa ya vyombo vya umeme. Mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya nyumbani iliyoitwa Nintendo.

Leo jina hilo linajulikana na kila mtoto. Wakati ule Nintendo ilikuwa kiwanda cha karata. Kilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua, 48 kwa seti, nne kwa kila mwezi wa mwaka. Hapa kuna jambo litakalotufurahisha sisi watu wa pwani. Wajapani nao huziita karata kwa jina linalofanana na letu: karuta. Mreno aliyefika Japani mwaka 1543 aliwaachia neno hilo, na Mreno huyo huyo aliyeanza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593 akatuachia sisi karata, pamoja na kopa, uru, pau na shupaza. Sisi na Wajapani tumekunywa kisima kimoja bila ya kujuana.

Karata hizo za maua zilipendwa sana na wacheza kamari, na hukumu ya kamari twaijua. Lakini Yokoi hakuajiriwa kuchapa karata wala kuzicheza. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo iliyozitengeneza: kutia mafuta, kukaza nati, kungoja kitu kiharibike. Mitambo ikienda vizuri, yeye hakuwa na la kufanya.

MKONO WA MKASI

Mtu mwenye mikono mizuri akikosa kazi hujitafutia. Yokoi alichukua vipande vya kuchezea, akavifunga mkasi kwa mkasi, akapata mkono mrefu unaokunjuka ukibana vishikio na kukunjana ukivitanua. Mbele aliweka koleo la kushikia kitu kilichoko mbali. Alikuwa akijipumbaza nao kiwandani siku moja mwaka 1966, mara rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akampitia na kumwona.

Yokoi alipoitwa ofisini alidhani amekwisha, atakemewa kwa kuchezea saa za kazi. Lakini Yamauchi, mtu mkali asiyesema sana, alimwamuru mkono ule autengeneze uwe bidhaa. Ukaitwa Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Ndani yake hamna waya wala betri. Mkasi ni chombo cha kale kuliko sisi sote. Kilichokuwa kipya ni kumpa mtoto mkasi huo auone kuwa ni mkono wake umerefuka.

Tangu hapo Yokoi aliacha mafuta na nati, akawa mtunga vitu vya kuchezea. Mwaka 1969 alitoa kidude kilichodai kupima mapenzi ya watu wawili walioshikana mikono. Mimi kidude hicho hakinipendezi, lakini nikikitazama kwa jicho la fundi naona ujanja wake: si chochote ila mita ya kupimia umeme, kama ile niliyo nayo mezani kwangu. Na mwaka 1970 ikatoka bunduki ya mwanga. Kampuni ya Sharp ilikuwa ikiuza vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, na aliyekuja kuvitembeza, Masayuki Uemura, hakuwa na habari ya kuchezea. Yokoi aliona kwamba kipande hicho chaweza kuwa shabaha: bunduki itoe mwanga badala ya risasi, na shabaha ijue imepigwa. Uemura naye baadaye alihamia Nintendo, na ndiye aliyekuja kuunda mashine yao mashuhuri ya televisheni ya mwaka 1983, Famicom.

MSAFIRI MWENYE KIKOKOTOO

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha garimoshi. Yokoi alikuwa safarini katika treni ya mwendo wa kasi, akamwona abiria mmoja, mtu mzima wa kazi za ofisi, akibofya-bofya kikokotoo chake ili kuipitisha safari. Wengine wangeona mtu aliyechoka. Yokoi aliona mtu mzima anayetaka kucheza lakini anaona haya kuonekana akicheza. Mtu huyo angefaa apewe kitu kidogo cha kufichika mikononi.

Bahati ilimjia kwa njia ya ajabu. Siku moja dereva wa rais wa kampuni alikuwa mgonjwa, na gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani lenye usukani kushoto, lisiloweza kuendeshwa na kila mtu. Yokoi alijua, akatumwa yeye. Njiani akamweleza Yamauchi wazo lake. Yamauchi aliitika tu, kama mtu asiyejali. Hazikupita siku nyingi, wakubwa wa Sharp wakafika kiwandani kuzungumza.

Kwa nini Sharp? Kwa sababu miaka ya 70 kampuni hiyo na Casio zilipigana vita vya bei katika biashara ya vikokotoo. Vioo vile vya tarakimu nyeusi na chipu zake vilivyokuwa ghali mwanzoni vilishuka bei mpaka vikawa kama njugu. Yokoi alivichukua, na tarakimu akazigeuza vikaragosi. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch ya kwanza, iliyoitwa Ball: mtu anayerusha mipira, na pembeni saa inayosema wakati. Mpaka mwisho wake mfululizo huo uliuza zaidi ya milioni 43.

Mimi mwenyewe nilizishika kwa mikono yangu. Miaka ya 80 mabaharia na jamaa waliotoka Arabuni walikuja nazo kama zawadi, na zilipozima zililetwa kwangu kwa kuwa ni fundi wa saa. Betri zake zilikuwa vile vifungo vidogo vinavyotiwa katika saa. Nilizibadili kwa dakika moja, na watoto waliokuwa wakingoja mlangoni wakashangilia kana kwamba nimefufua mtu.

Mwaka 1982, katika toleo moja la kukunjika, Yokoi alikuta shida. Usukani wa fimbo wa mashine za wakati ule ulitokeza juu; kisanduku kisingefunga. Akatengeneza kibofyo bapa chenye umbo la msalaba, ukikibonyeza juu, chini, kushoto au kulia kinaamuru. Plastiki na mpira, basi. Yeyote aliyepata kushika mashine ya michezo tangu wakati huo amekishika kibofyo hicho au mtoto wake.

MASHINE ZILIZODODA

Kabla ya hapo kulikuwa na tukio jingine. Kampuni ilikuwa imepeleka Marekani mashine kubwa za mchezo ulioitwa Radar Scope, zikadoda. Kama 2,000 zilibaki ghalani. Ikaamuliwa zisitupwe, bali zitiwe mchezo mwingine. Kijana mmoja mchoraji, Shigeru Miyamoto, alipewa kazi hiyo, na Yokoi akawekwa kumsimamia. Mwaka 1981 mashine zile zile zikatoka zikiwa na mchezo wa Donkey Kong, wenye seremala mdogo anayeruka mapipa. Seremala yule ndiye aliyekuja kuitwa Mario. Chombo kilikuwa kile kile kilichokataliwa. Kilichobadilika ni mchezo, na watu wakapanga foleni.

Mambo haya Yokoi aliyageuza kuwa mwongozo wake wa kazi. Aliona kwamba teknolojia ina umri kama mti. Ikiwa changa ni ghali, hakuna anayeyajua maradhi yake, na huharibika. Ikikomaa hadi watu wakaiona imenyauka, huwa rahisi, imara, na kila fundi anaijua. Hapo ndipo mwenye akili huiendea kwa upande ambao wengine hawakuutazama, akaipa kazi isiyokuwa yake.

KISANDUKU CHA KIJIVU

Kazi iliyomtukuza zaidi ilitoka tarehe 21 Aprili 1989. Ni Game Boy, kisanduku cha kijivu cha kubeba mkononi. Ndani ya kampuni wenyewe kulikuwa na mabishano. Mhandisi Satoru Okada, mwenziwe wa karibu, alitaka mashine yenye uwezo mkubwa na michezo ya kubadilishwa, na kwa mengi alisikilizwa. Lakini juu ya kioo Yokoi hakuyumba: hakutaka rangi. Kioo kiwe cha kijani hafifu chenye vivuli vinne tu, bila taa ndani.

Washindani walimcheka. Mwaka ule ule Atari walitoa Lynx yenye rangi na taa. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, nayo ya rangi. Ukiziweka tatu kwenye kabati la duka, macho hayaiendei ile ya kijivu. Lakini Lynx na Game Gear kila moja ilikula betri 6 kwa saa chache tu, na bei zake zilikuwa juu. Game Boy ilitumia 4, na ziliishi saa 15 au zaidi. Marekani iliuzwa kwa dola 90 hivi, pamoja na mchezo wa Tetris uliotungwa na Mrusi Alexey Pajitnov. Mchezo ule wa vipande vinavyoanguka hauhitaji rangi hata moja. Mtoto anaujua kwa dakika mbili, na mzee hauchoki kwa miaka miwili.

Niliifungua Game Boy ya mteja mara ya kwanza miaka ya 90. Nilitegemea kukuta miujiza. Nilikuta ubao mmoja safi, skrubu chache, na kila kitu kimepewa nafasi yake. Ubovu wake ulikuwa vyuma vya betri vilivyoshika kutu kwa chumvi ya hewa yetu. Nilivisugua, ikawaka. Hiyo si sifa ndogo. Game Boy moja ya askari wa Marekani iliungua kaka lake katika Vita vya Ghuba, ikaendelea kufanya kazi, na kwa miaka mingi ilionyeshwa katika duka la kampuni hiyo huko New York.

Mwaka 1996, mashine ilipodhaniwa imezeeka, ukatoka mchezo wa Pokémon, ambao watoto walibadilishana wanyama wao kwa waya mdogo wa kuunganisha mashine mbili. Waya ule ulikuwapo tangu 1989. Mauzo yakapanda upya. Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyekuja 1998 ziliuza karibu milioni 119.

KOSA LA FUNDI

Mgala muue na haki yake mpe. Na mwenye sifa naye tusimfichie kosa lake. Mwaka 1995 Yokoi alitoa Virtual Boy. Ilikuwa kama darubini iliyowekwa juu ya miguu miwili mezani; unaingiza uso ndani, unaona picha zenye kina, kama kwamba umesimama ndani yake. Picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi, kwa sababu taa nyekundu ndizo zilizopatikana kwa bei ya kuchukulika. Watu walilalamika kichwa na macho kuuma. Hukuweza kuicheza garini, hukuweza kumwonyesha mwenzio unachokiona. Haikutimiza mwaka sokoni, na ziliuzwa kama 770,000 tu.

Nimefikiri sana juu ya kosa hilo. Naona kwamba safari hii mambo yalianza na kioo, si na mchezaji. Palikuwa na ajabu ya kuonyesha, ikatafutiwa mchezo. Yule abiria wa treni alisahauliwa.

Yokoi aliiacha Nintendo Agosti 1996, baada ya miaka 31. Wengi walisema ameondoka kwa aibu. Mwenyewe alikana, akasema alikuwa na nia ya kujitegemea tangu zamani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: alianzisha kampuni yake ndogo, Koto, akaanza kuichorea kampuni ya Bandai mashine nyingine ya mkononi. Hakuiona ikitoka. Tarehe 4 Oktoba 1997, katika barabara kuu ya Hokuriku, gari alilokuwamo liligongana na jingine. Aliteremka kutazama, na gari la tatu likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Mashine ile, WonderSwan, ilitoka Machi 1999: kioo kisicho na rangi, betri moja ndogo, bei yen 4,800. Mchezo mmoja wake uliitwa Gunpey, kwa kumkumbuka.

HAKI YA UPANDE WA PILI

Mwenzangu wa injini aliposikia kisa hiki hakunyamaza, na hoja zake zina uzito. Aliuliza vile vioo vya rahisi vilitoka wapi. Lazima kuna mtu aliyevibuni vilipokuwa ghali na vya shida, akaingia hasara. Asingekuwapo mpandaji, Yokoi angevuna nini? Tena akasema kwamba PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilileta CD na chipu za kuchora umbo lenye pande zote, ikauza zaidi ya milioni 100. Michezo ya kutembea ndani ya mji mzima haikuwezekana katika kioo cha kijani, hata angekuja mtunzi gani.

Hayo ni kweli, nami nimemkubalia. Chuma kipya hufungua mlango ambao mchezo peke yake hauwezi kuufungua. Lakini mlango ukishafunguliwa, kuongeza ukubwa wa bawaba si maendeleo. Mwaka 2006 Nintendo walitoa Wii, dhaifu kuliko PlayStation 3 ya mwaka ule ule, lakini fimbo yake ilifuata mwendo wa mkono. Mabibi na wajukuu wakacheza pamoja, na ikauza zaidi ya milioni 101. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikatoa Wii U, isiyo na nguvu za kutisha wala wazo la kueleweka, ikauza milioni 13 na nusu. Basi udhaifu wa mashine nao si dawa. Yokoi hakufaulu kwa kuwa alitumia vya zamani. Alifaulu kila alipojua ni nani atakayecheza, wapi, kwa pesa gani. Na siku alipolisahau hilo, akaanguka.

Hivyo nilimweleza mjukuu wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha kwa adabu akanikamata. Alisema kwamba michezo wanayoicheza wenzake sasa haitolewi tena kwa mashine yake. Hata awe na hekima ya Yokoi, atabaki peke yake. Nikakosa la kumjibu. Kumbe zama za Yokoi cha zamani kilikuwa kikifufuliwa, na siku hizi huzikwa kikiwa hai na wale wale waliokiuza. Nilitaka kumwambia angoje bei ishuke, kama ilivyokuwa desturi. Nikakumbuka kwamba miaka hii bei za mashine hizo zimeanza kupanda badala ya kushuka.

Mwisho tulipatana hivi. Aniletee mchezo mmoja tu katika hiyo mpya, ambao uzuri wake haupo katika picha, bali katika jambo ambalo mchezaji hakuweza kulifanya katika ile ya zamani. Akiuleta, nusu ya bei nitaitoa mimi. Zimepita wiki mbili. Jana nilimwona barazani na binamu yake, wameinamia simu wakitafuta, na hawakunitazama.